Kupima grafti ya aota: macho kwenye shingo, si kwenye uvimbe

Mzee akiambiwa ana anurizimu ya aota ya tumbo, yaani mshipa mkuu wa damu tumboni umevimba, namba anayotoka nayo hospitali ni ukubwa wake. "Sentimita 5 na nusu," atawaambia watoto, na kuanzia siku hiyo ukoo mzima utaishika namba hiyo kana kwamba ndiyo ugonjwa wenyewe. Namba hiyo ina kazi yake, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kama wakati wa kutibu umefika. Lakini ikishakubaliwa kwamba tiba itafanyika kwa kupitisha grafti, yaani bomba la kitambaa lenye chuma, ndani ya mishipa, bila kupasua tumbo, daktari hahangaiki tena na uvimbe. Macho yake yanahamia kwenye kipande kifupi cha mshipa kilicho juu ya uvimbe, chini tu ya figo, ambacho pengine hakizidi milimita 20. Kipande hicho kinaitwa shingo, na mambo mengi yanayofaulu au kuharibika katika tiba hii huanzia hapo.

Aota ndiyo mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Hushuka kifuani, ikaingia tumboni ikiwa imelala mbele ya uti wa mgongo, ikatoa tawi moja kwa kila figo, kisha karibu na usawa wa kitovu ikagawanyika mara mbili kwenda miguuni. Kwa mtu mzima kipenyo chake tumboni ni kama sentimita 2. Kikifika 3 huitwa anurizimu: ukuta wa mshipa umepoteza nyuzi zake za kunyumbulika na unaendelea kutanuka chini ya shinikizo la damu. Jambo hili halina uhusiano wowote na saratani, ingawa neno "uvimbe" huwatisha watu wakafikiri hivyo. Sigara ndiyo mchochezi mkubwa kuliko yote, kisha umri, kuwa mwanamume, na kuwa na mzazi au ndugu wa damu aliyewahi kuugua. Wengi hawasikii lolote mpaka siku mshipa unapopasuka, na ukipasuka wengi hawafiki hospitali wakiwa hai. Wanaogunduliwa mapema mara nyingi hugunduliwa kwa bahati, kwenye ultrasaundi iliyofanywa kwa sababu nyingine. Huku kwetu kipimo hicho bado kinaonekana kuwa cha wajawazito, na mwanaume mzima kupakwa jeli tumboni huona kama anataniwa. Uingereza wamekifanya cha kawaida: mwanaume anayesajiliwa na daktari wa mtaa hupata barua ya mwaliko mwaka anaotimiza miaka 65, na Mswahili anayeishi London au Leicester huipata kama mwingine yeyote. Barua hiyo haifai kutupwa pamoja na matangazo ya biashara.

Kwa kawaida tiba hupendekezwa uvimbe ukifika sentimita 5.5 kwa wanaume na kama 5 kwa wanawake. Njia ya zamani ni ya kisu. Charles Dubost alikata anurizimu ya tumbo na kuweka mshipa mwingine mahali pake jijini Paris mwaka 1951, na mpaka leo msingi ni uleule: tumbo linafunguliwa, aota inabanwa juu na chini, bomba la kitambaa linawekwa na kushonwa kwa uzi. Njia ya pili ilianza Buenos Aires, Argentina, Septemba 1990, pale Juan Parodi na wenzake walipopitisha bomba la poliesta lililoshonewa stenti, yaani kimia cha chuma kinachotanuka, wakiingilia mshipa wa paja kwenye kinena, kwa mgonjwa ambaye mapafu yake yasingestahimili upasuaji mkubwa. Miaka mitatu kabla, mwaka 1987, Nikolay Volodos wa Kharkiv, Ukraine, alikuwa ameshafanya jambo kama hilo kwenye aota ya kifuani. Wakati huo dunia haikumsikia sana, maana aliandika kwa Kirusi.

Tofauti kubwa ya njia hizi mbili haiko kwenye ukubwa wa kovu. Iko kwenye uzi. Daktari wa kisu akikuta mshipa umepinda, mpana kuliko alivyotarajia, au wenye chokaa upande mmoja, anarekebisha kwa mkono: anakikata kitambaa upya, anasogeza mshono, anaongeza pale panapovuja. Grafti ya ndani haishonwi. Inasukumwa ikiwa imekunjwa kwenye mrija mwembamba, inaachiliwa, inafunguka, na kuanzia hapo inashikilia kwa kujitanua tu dhidi ya ukuta wa mshipa, pengine ikisaidiwa na vijino vidogo vya chuma vinavyong'ata ukuta huo. Ukiachia imeachia. Kwa hiyo kazi ambayo daktari wa kisu huifanya mbele ya mgonjwa, huyu wa grafti anatakiwa awe ameimaliza siku kadhaa kabla, mbele ya kompyuta.

Lengo ni damu ipite ndani ya bomba na uvimbe ubaki nje ya njia yake. Ikipatikana hata nafasi ndogo kati ya bomba na ukuta wa shingo, damu yenye shinikizo lote la moyo inarudi kwenye uvimbe. Huo madaktari huuita mvujo wa aina ya kwanza, na hauachwi kuangaliwa tu. Mgonjwa mwenye mvujo huo ana anurizimu ileile aliyokuja nayo, na juu yake ana chuma tumboni.

Ndiyo maana grafti huchaguliwa kubwa kuliko mshipa, kwa asilimia 10 hadi 20 kwa kawaida. Shingo ikiwa na kipenyo cha milimita 24, grafti ya 24 itaingia ikiwa sawasawa, lakini haitakuwa na nguvu ya kusukuma ukuta, na mshipa ukitanuka kidogo tu kwa mapigo ya moyo damu inapenya pembeni. Grafti ya 28 inazidi kwa karibu asilimia 17, na hapo stenti inabaki imebanwa kidogo na inaendelea kusukuma. Sasa mtu anaweza kusema, basi tuweke 36 tuwe salama zaidi. Hapana. Kitambaa kilichozidi lazima kiende mahali, na kinakwenda kwenye mikunjo. Kila mkunjo ni mfereji wa damu kutoka juu hadi kwenye uvimbe. Isitoshe, chuma kinachosukuma kupita kiasi kwa miaka huenda kikaipanua shingo yenyewe, na grafti ikaanza kuteleza kushuka. Makosa ya kuzidisha na ya kupunguza huishia kwenye mvujo uleule, ila ya kupunguza huonekana mapema, pengine mgonjwa akiwa bado mezani.

Kipimo hicho cha 24 kinatoka wapi? Kwenye CT skani yenye dawa ya kung'arisha mishipa, iliyokatwa vipande vyembamba vya milimita 1 au chini ya hapo. Na hapa pana mtego ambao umewanasa wengi. CT hukata picha kwa kukingama mwili, kwa pembe mraba na meza. Shingo ya aota mara nyingi haiko wima. Imeinamia upande au mbele. Ukikata muhogo mshazari unapata kipande kirefu chenye umbo la yai ingawa muhogo wenyewe ni wa mviringo, na CT inaukata mshipa ulioinama vivyo hivyo. Shingo ya milimita 24 iliyoinama nyuzi 45 itaonekana kwenye picha ya kawaida ikiwa na milimita 34 upande wake mrefu. Ikiinama nyuzi 60, itaonekana mara mbili ya ukweli. Anayepima kwa rula upande ule mrefu ataagiza grafti ya 38 kwa ajili ya mshipa wa 24.

Dawa yake ni programu inayochora mstari katikati ya mshipa, kuanzia juu ya figo hadi kinenani, kisha inaukata mshipa kwa pembe mraba na mstari huo. Hapo mviringo unarudi kuwa mviringo. Urefu nao hupimwa kwa kuufuata mstari huohuo, ingawa mstari wa kompyuta si mwisho wa maneno: waya mgumu unaotangulia grafti huunyoosha mshipa uliopinda, na mshipa ulionyooka ni mfupi kuliko ulivyokuwa kwenye picha. Wazoefu hutarajia hilo na kuweka vipande vya urefu tofauti kwenye rafu. Kuna na jambo dogo linalosahaulika: watengenezaji hawapimi namna moja. Wengine wanataka kipenyo cha ndani ya ukuta, wengine cha nje kwa nje, na tofauti ya milimita 2 au 3 inatosha kukuhamisha saizi nzima.

Tuchukue mgonjwa wa mfano tumfuate mpaka mwisho. Uvimbe wake ni sentimita 5.8. Shingo inaanza na milimita 24 chini ya mshipa wa figo ulio chini zaidi, inaishia na 25, ina urefu wa milimita 18, na imeinama nyuzi 40. Ni shingo nzuri. Grafti nyingi zilizoko sokoni zinadai urefu wa angalau milimita 15, baadhi zinakubali 10, na mwinamo usiozidi nyuzi 60. Tofauti ya 24 na 25 juu na chini ni ndogo. Ingekuwa 24 juu na 30 chini, shingo ingekuwa na umbo la koni, na stenti ingeshika ukingo wa juu tu huku chini ikielea. Ukuta wake una chokaa kidogo upande wa nyuma. Chokaa kikiwa robo ya mzunguko daktari anavumilia. Kikizunguka kote, au ukuta ukiwa umetandikwa mgando mnene wa damu, stenti haiusukumi ukuta bali inasukuma kitu kilichoko katikati, na vijino havipati pa kung'ata. Shingo ndefu yenye ukuta mchafu inaweza kuwa mbaya kuliko fupi yenye ukuta safi. Hili kwenye majedwali ya saizi halionekani.

Kwa shingo hiyo anachagua mwili mkuu wa grafti wa milimita 28. Ukingo wa kitambaa unatakiwa ukae chini tu ya tundu la mshipa wa figo, bila kulifunika. Akiuweka milimita 5 chini zaidi kwa kuogopa, katika zile 18 ameshatupa zaidi ya robo ya mahali pa kushikia. Ndiyo sababu mashine ya eksirei huzungushwa na kuinamishwa mpaka iangalie shingo kwa pembe mraba. Ikitazama kwa mshazari, tundu la figo linaonekana mahali ambapo halipo. Baadhi ya grafti zina stenti tupu isiyo na kitambaa inayopanda juu ya mishipa ya figo, ikishika sehemu imara ya aota huku damu ikipita kati ya waya zake kwenda kwenye figo. Nyingine zinashika chini ya figo tu. Kila upande una mashabiki wake.

Chini nako lazima pafungwe. Grafti za mwanzo kabisa za Parodi zilikuwa bomba moja lililonyooka na lenye stenti juu tu, na haikuchukua muda kugundulika kwamba damu hupanda kutoka chini. Hata walipoongeza stenti ya chini, wagonjwa wachache sana walikuwa na aota nzuri ya kutosha juu ya ile njia panda. Grafti ikabidi iwe na miguu miwili kama suruali, kila mguu ukiingia kwenye mshipa wake wa nyonga. Mgonjwa wetu ana mshipa wa nyonga wa kulia wenye milimita 14, atapata mguu wa 16. Wa kushoto una 18, atapata wa 20. Miguu yote inaishia kabla ya tawi linalokwenda ndani ya nyonga. Tawi hilo likizibwa, mgonjwa anaweza kuanza kuumwa matako kila akitembea mwendo mrefu, na kwa wanaume nguvu za kiume zinaweza kupungua, jambo ambalo wazee hawalitaji mpaka daktari awaulize wakiwa peke yao. Yakizibwa yote mawili kwa pamoja, hata utumbo na uti wa mgongo vinaweza kukosa damu. Kwa waliotanuka mpaka huko, zipo grafti zenye tawi dogo la kulilinda.

Halafu kuna mlango wa kuingilia. Mwili mkuu uliokunjwa mara nyingi huhitaji mrija wa saizi 18 hadi 20 kwa kipimo cha Kifaransa, ambacho kila 3 ni milimita 1. Yaani kati ya milimita 6 na karibu 7. Mshipa wa nje wa nyonga wa kulia wa mgonjwa wetu ni milimita 8 na laini. Wa kushoto ni 6, umejaa chokaa na umejikunja. Basi mwili mkuu utaingilia kulia, na kushoto utapita mguu mmoja tu, ambao mrija wake ni mwembamba zaidi. Kulazimisha mrija wa milimita 7 kwenye mshipa mgumu wa 6 ni kuukaribisha upasuke, na hiyo ni damu inayomwagika tumboni huku uvimbe wenyewe ukiwa haujaguswa. Wanawake ndio wanaoumia zaidi hapa: mishipa yao ni myembamba, shingo zao mara nyingi ni fupi na zimeinama zaidi, na vifaa vya mwanzo vilibuniwa kwa vipimo vya wanaume.

Mgonjwa wetu basi ameenea kwenye kitabu cha maelekezo cha mtengenezaji wa grafti. Wengi hawaenei. Mwaka 2011 jarida la Circulation lilichapisha uchunguzi wa CT za wagonjwa zaidi ya 10,000 wa Marekani waliowekewa grafti. Kwa kigezo kikali, asilimia 42 tu ndio waliokuwa na maumbile yaliyotakiwa na maelekezo ya vifaa. Kwa kigezo kilegevu, asilimia 69. Na baada ya miaka mitano, asilimia 41 uvimbe wao ulikuwa umeongezeka. Mimi nausoma uchunguzi huo kama lawama kwa haraka ya madaktari kuliko kwa kifaa. Kifaa kilisema wazi kinataka shingo ya namna gani.

Haraka hiyo ina sababu inayoeleweka. Jaribio kubwa la Uingereza lililoitwa EVAR 1 lilionyesha kwamba ndani ya siku 30 waliokufa baada ya grafti walikuwa asilimia 1.7, dhidi ya 4.7 ya waliopasuliwa. Nani angependa kisu baada ya hapo? Lakini wagonjwa walewale walipofuatiliwa kwa miaka, faida hiyo iliyeyuka, na upande wa grafti ukaonekana kuwa na watu ambao uvimbe wao ulipasuka baadaye, wakati walijiona wamepona. Kwa hiyo mtu wa miaka 62 mwenye moyo na mapafu mazuri, ambaye shingo yake ni fupi na ya umbo la koni, akiambiwa afadhali apasuliwe, hajarudishwa nyuma kimaendeleo. Ameshauriwa vizuri.

Kwa asiyeweza kupasuliwa na ambaye shingo yake ni milimita 6, ipo grafti ya matundu. Mantiki yake ni kwamba kama chini ya figo hapana pa kushikia, basi kitambaa kipandishwe juu yake, kiachiwe matundu pale mishipa ya figo inapotokea. Kila tundu hupimwa mara mbili: liko milimita ngapi kutoka ukingo wa kitambaa, na liko upande gani wa mzunguko wa aota ukiufananisha na uso wa saa, tuseme figo ya kulia kati ya namba 9 na 10, ya kushoto karibu na namba 3. Kisha stenti ndogo hupitishwa kwenye kila tundu mpaka ndani ya mshipa wa figo. Marekani iliidhinisha grafti ya namna hiyo mwaka 2012. Hushonwa kwa ajili ya mtu mmoja, na kuisubiri huchukua wiki kadhaa. Tundu likikosewa kwa kiasi kidogo tu, figo inaweza kupotea.

Mshipa uliokwisha kupasuka hauna wiki za kusubiri, na vipimo vyake hudanganya kwa namna yake. Mgonjwa amepoteza damu, presha imeshuka, aota imenywea. Shingo inayosomeka 22 usiku huo inaweza kuwa 25 presha ikirudi. Ndiyo maana wengi huzidisha saizi hadi karibu asilimia 30 katika dharura, jambo ambalo mchana wa kawaida lingehesabiwa kosa.

Grafti ikishakaa, picha ya CT hupigwa mwezi wa kwanza, tena baada ya mwaka, halafu ufuatiliaji wa kila mwaka unaendelea, ambao kwa aliyetulia unaweza kuwa wa ultrasaundi. Watu huulizia kama "inavuja". Mivujo haifanani. Wa aina ya pili, ambapo vijishipa vya kiuno au vya utumbo vinarudisha damu kidogo kwenye uvimbe, mara nyingi hupona wenyewe au huangaliwa tu mradi uvimbe haukui. Wa aina ya tatu hutokea pale vipande vya grafti vinapoachana au kitambaa kinapotoboka, na hautakiwi kungojwa, kama ule wa kwanza. Lakini hata pasipoonekana mvujo, daktari makini hupima upya umbali kati ya ukingo wa kitambaa na mshipa wa figo, na urefu wa shingo ambao bado umegusana na kitambaa. Umbali ukiongezeka kutoka milimita 2 kwenda 7, grafti inashuka, hata kama mgonjwa analima.

Kipimo hicho hakina maana bila cha kukilinganisha nacho. Ndugu aliyewekewa grafti Muscat, London au Toronto na sasa anarudi kukaa Tanga au Mombasa aombe hospitali impe CD yenye picha za CT zenyewe, za kabla na za mwezi wa kwanza, pamoja na kadi inayoonyesha jina na saizi ya kila kipande alichowekewa. Ripoti ya karatasi inayosema tu "hali ni nzuri" haimpi daktari wa huku milimita za kuanzia.